Sunburst: Vijana Walioimba Kiswahili kwa Magitaa ya Umeme

Historia tuliyofundishwa shuleni ni habari za watu wakubwa: wafalme, magavana, maraisi na majemadari. Habari hizo ni za kweli, walakini hazitoshi. Watu wa zamani hawakuishi kwa amri na vita tu. Walifanya kazi, walioana, walizika wafu wao, na katika mambo hayo yote waliimba. Mtu akitaka kujua moyo wa kizazi fulani, na aulize kwanza waliimba nini.

Leo basi tutaeleza habari za bendi moja ya vijana, iliyoitwa Sunburst. Jina hilo ni la Kiingereza, na maana yake ni miale ya jua inayopasua mawingu ghafula. Bendi hii iliundwa Dar es Salaam mwaka 1970. Ilipiga muziki wa roki, ikaimba kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ikahamia Zambia, na mwaka 1976 ikatoa santuri kubwa moja. Kisha ikanyamaza. Miaka 40 ilipita, na watu wengi wa Afrika ya Mashariki hawakujua hata kwamba bendi hiyo ilikuwako. Mwaka 2016 kampuni moja ya London ilizitoa tena nyimbo zake, na watu wa mbali wakastaajabu.

Huenda msomaji wa Bendera atauliza: bendi ya Dar es Salaam yatuhusu nini sisi tunaokaa huku milimani, upande wa magharibi wa Ziwa Tanganyika? Twajibu kwamba yatuhusu kwa mambo matatu. Kwanza, mpiga gitaa wa bendi hiyo, Hembi Flory Kongo, alitoka nchi yetu, ambayo siku zile iliitwa Zaire. Pili, waliimba kwa lugha yetu. Tatu, muziki wao ulihitaji umeme, na sisi wa Bendera twajua umeme ni nini. Mto Kiyimbi waanguka karibu nasi, na mitambo iliyojengwa hapa siku za Wabelgiji iliwekwa ili kugeuza nguvu ya maji kuwa taa na mashine za Kalemie. Mwaka 1965 vita vilifika hata mlangoni pa mitambo hiyo, kwa kuwa kila upande ulijua thamani yake. Gitaa la roki likikosa umeme ni ubao wenye nyuzi tu.

ROKI ILITOKA WAPI

Wazee wengi wanaposikia neno roki hufikiri ni kelele za Wazungu wenye nywele ndefu. Hilo ni kosa la historia. Roki ilizaliwa Marekani kati ya watu weusi, wajukuu wa watumwa waliochukuliwa kutoka Afrika, na sehemu kubwa ya mizizi yake imo katika makanisa yao. Mathalani, mwanamke mmoja mweusi aliyeitwa Sister Rosetta Tharpe alikuwa akiimba nyimbo za dini na kupiga gitaa la umeme katika miaka ya 1940. Baada yake walikuja Chuck Berry na wengine. Wazungu waliupokea muziki huo, wakautajirikia, na dunia ikasahau ulikotoka.

Jambo hili yafaa kulikumbuka, kwa maana hapo baadaye wakuu wa Afrika walipowaambia vijana wao kwamba roki ni muziki wa kigeni, walisema nusu ya kweli. Muziki huo ulikuwa umevuka bahari mara mbili: mara ya kwanza katika minyororo, mara ya pili katika santuri. Huko London, mwaka 1969, watu wa Ghana na wa visiwa vya Karibiani waliunda bendi ya Osibisa, wakachanganya roki na ngoma za Afrika Magharibi. Santuri zao zilifika miji mingi ya Afrika, na vijana wakaona kwamba mchanganyiko huo wawezekana.

GITAA KATIKA NCHI YETU

Tena tusidhani kwamba gitaa lilikuja kwetu pamoja na roki. Katika Katanga lilikuwa limekwisha kuota mizizi. Mwaka 1952 mtafiti Hugh Tracey alikuwa akizunguka na mashine yake ya kunasa sauti, akamkuta Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, mji uitwao leo Likasi. Mwenda alikuwa kijana mwenye gitaa la kawaida lisilo na umeme. Alipiga kwa vidole viwili tu vya mkono wa kulia, na mtu asiyemwona angedhani wapigaji ni wawili. Aliimba kwa Kiswahili. Sauti yake ilinaswa, ikatiwa katika santuri, na wapiga gitaa kutoka Nairobi hata Ulaya wakajifunza kutoka kwake. Alikufa mwaka 1990 katika ajali ya gari huko Zambia, lakini vidole vyake vyasikika bado.

Kinshasa nako vijana hawakulala. Tarehe 24 Desemba 1969 iliundwa Zaïko Langa Langa. Waliziweka kando tarumbeta za bendi za wakubwa, wakazipa nguvu gitaa na ngoma. Walikuwa wamesikia roki, wakaijibu kwa rumba ya haraka. Basi alipopiga gitaa kijana wa Kongo katika miji ya ng'ambo, alikuwa amebeba mali nyingi mkononi.

Watu wetu walivuka ziwa tangu zamani. Wengine walivuka kwa biashara, wengine kwa kukimbia vita vya 1964 na 1965. Kigoma kuna reli iendayo Dar es Salaam tangu siku za Wadachi. Wanamuziki nao waliifuata njia ya wengine, na kwa miaka mingi bendi za Dar es Salaam na Nairobi zilijaa Wakongo. Hao wengi walipiga rumba. Hembi Flory Kongo alichukua njia isiyofuatwa na wengi.

DAR ES SALAAM YA MIAKA ILE

Ili tuelewe shida ya Sunburst, yatupasa kuujua mji ilikozaliwa. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961. Mwaka uliofuata, Rais Julius Nyerere alipounda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, alieleza huzuni yake kwamba Mwafrika aliyesoma alijua kucheza dansi za Ulaya na hakujua ngoma za wazee wake. Maneno hayo yalikuwa ya haki. Ukoloni ulikuwa umewafundisha watu kuona haya juu ya mali yao wenyewe, na taifa lenye haya haliwezi kusimama.

Lakini kazi ya kurudisha heshima ya utamaduni iliposhuka kwa wakuu wa chini, iligeuka mara nyingi kuwa kazi ya kukataza. Mwezi Oktoba 1968 vijana wa chama cha TANU walitangaza mpango ulioitwa Operesheni Vijana. Kuanzia Januari 1969 sketi fupi, nywele za bandia, suruali za kubana na dawa za kung'arisha ngozi zilipigwa marufuku. Mwezi Novemba 1969 muziki wa soul, yaani muziki wa dansi wa Wamarekani weusi, ulipigwa marufuku katika Dar es Salaam. Wakuu walisema kwamba dansi hizo zawaharibu wanafunzi.

Sisi hatutaki kuwacheka wakuu hao. Wazazi wa kila nchi wameogopa dansi za watoto wao, na mara nyingine wana sababu: ulevi upo, na wasichana hudanganywa. Walakini ona kwamba muziki wa watu weusi wa Marekani ulikatazwa kwa jina la Afrika! Na ona tena kwamba Sunburst iliundwa mwaka uliofuata marufuku hiyo.

Kuna neno jingine ambalo lilikuwa zito kuliko marufuku. Ni neno la vyombo. Katika Tanzania ya miaka ile bendi nyingi kubwa zilikuwa mali ya mashirika. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Polisi walikuwa na bendi yao, na jeshi lao. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na yake. Shirika lilinunua magitaa, vipaza sauti na ngoma, likawalipa wapigaji mshahara wa mwezi. Mpango huu ulikuwa na faida kubwa: mwanamuziki alipata chakula cha hakika, na watu wakapata dansi nzuri. Lakini aliye na gitaa ndiye achaguaye wimbo. Kijana aliyetaka kupiga muziki usiopendwa na shirika ilimpasa kujitafutia vyombo mwenyewe, na vyombo vya umeme vilitoka ng'ambo, kwa fedha za kigeni, ambazo zilikuwa adimu.

Tena, hapakuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri katika Tanzania. Redio ya taifa ilizirekodi bendi na kuzipiga hewani, lakini kanda zilibaki rafuni mwa redio. Aliyetaka santuri ya kuuza ilimlazimu kutegemea Nairobi au mahali pengine nje ya nchi. Basi bendi isiyo na shirika ilikuwa kama mkulima asiye na jembe wala soko.

VIJANA WATANO

Katika hali hiyo walikutana vijana wa Sunburst. Mwimbaji alikuwa James Mpungo, aliyekwisha kuimba katika kundi lililoitwa The Rifters, lililoiga nyimbo za ng'ambo. Gitaa lilishikwa na Hembi Flory Kongo. Kinanda kilikuwa cha Kassim Magati, ngoma za Johnny Rocks, na gitaa la besi la Bashir Idi Farhan. Hawakuwa watu wa kabila moja, wala wa nchi moja. Miji ya bandari ndivyo ilivyo: huwakutanisha watu ambao nyumbani kwao wasingalionana kamwe.

Mwanzo wa bendi kama hizi ulikuwa kuiga. Vijana walisikiliza santuri ya Marekani au Uingereza, wakaikariri, wakaipiga usiku kwa watu waliotaka kucheza. Wengi waliishia hapo. Sunburst walikwenda mbele. Walichukua nguvu ya roki, wakaitia katika midundo ya Afrika, wakaongeza gitaa lenye harufu ya Kongo, wakaanza kutunga wenyewe. Mlio huo mpya waliuita Kitoto. Jina lenyewe ni la mzaha kidogo, maana kitoto ni kitu kichanga kinachoanza kutambaa, na hakuna ajuaye kitakuwa mtu wa namna gani.

Nyimbo zao zilizosalia zilinaswa kati ya mwaka 1973 na 1976. Mmoja waitwa "Enzi za Utumwani", na jina lake latosha kueleza habari. Hapa tutulie kidogo. Sisi wa pwani za Ziwa Tanganyika hatuhitaji kufafanuliwa utumwa. Misafara iliyovuka ziwa kwenda Ujiji, na kutoka Ujiji kwenda Bagamoyo, iliwachukua watu wa huku kwetu. Mapadre walipoishika Mpala mwaka 1885 walikuta vijiji vinaishi kwa hofu, na mwaka 1887 Kapteni Joubert alifika kuwalinda watu kwa bunduki. Wazee wa wazee wetu waliona mambo hayo kwa macho.

Basi fikirini: vijana wa Dar es Salaam, mji wa pwani ile ile ambayo watumwa walipelekwa, pamoja na Mkongo mmoja, wakashika magitaa ya umeme, muziki uliozaliwa na wajukuu wa watumwa ng'ambo ya bahari, wakaimba kwa Kiswahili, lugha iliyosafiri katika njia zile zile za misafara, habari za enzi za utumwa. Ni nani angeweza kusema kwamba muziki huo haukuwa wetu? Walakini kwa aliyetazama magitaa na nguo tu, walikuwa waigaji wa Wazungu.

SAFARI YA ZAMBIA

Katika miaka hiyo Tanzania na Zambia zilikaribiana sana. Kuanzia 1970 hata 1975 Wachina walijenga pamoja na watu wa nchi hizo reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi. Zambia ilikuwa nchi ya shaba, jirani ya Katanga yetu. Na machimbo yao na machimbo ya Lubumbashi yamekaa kama ndugu wawili waliotenganishwa na mpaka. Fedha ya shaba ilileta mishahara, mishahara ilileta mabaa na majumba ya dansi, na majumba ya dansi yalileta bendi.

Huko Zambia roki ilikuwa imepata makao ambayo haikuyapata penginepo katika sehemu hizi za Afrika. Rais Kenneth Kaunda, ambaye mwenyewe alikuwa akipiga gitaa, aliamuru kwamba sehemu 95 katika 100 za muziki wa redio uwe wa Wazambia. Amri hiyo yafanana na siasa ya Tanzania, sivyo? Zote mbili zilitaka muziki wa taifa. Lakini matunda yalikuwa mbalimbali. Katika Zambia muziki ulihesabiwa kuwa wa taifa kwa kumwangalia aliyeupiga. Kijana Mzambia akipiga roki, roki hiyo ilikuwa ya Zambia. Tena Ndola palikuwa na kiwanda cha santuri. Ndipo zikatokea bendi nyingi, na watu wakauita muziki wao Zamrock.

Bendi iliyojulikana kuliko zote iliitwa WITCH. Neno hilo kwa Kiingereza lamaanisha mchawi wa kike, na msomaji asishtuke. Herufi zake zilikuwa kifupi cha maneno yenye maana kwamba "twakusudia kuleta ghasia". Ulikuwa utani wa vijana. Mwimbaji wake, Emmanuel Chanda, aliitwa Jagari, kwa kufuata jina la Mwingereza Mick Jagger.

Sunburst walihamia nchi hiyo, na huko, mwaka 1976, ikatoka santuri yao kubwa, Ave Africa. Mkristo yeyote anajua neno Ave. Ndilo neno la Kilatini ambalo malaika alimsalimu nalo Bikira Maria: Salamu. Basi jina la santuri ni Salamu, Ee Afrika. Watu walioambiwa kwamba muziki wao ni wa kigeni waliiamkia Afrika kwa salamu ya heshima.

Salamu hiyo haikujibiwa. Mwaka 1975 bei ya shaba duniani ilikuwa imekwisha kuanguka, na Zambia ikaingia katika umaskini. Vita vya ukombozi vya Rhodesia vilivuka mpaka, na usiku wa miji haukuwa tena wa kucheza dansi. Santuri zikawa ghali, vyombo vikaharibika bila vipuri. Bendi nyingi za roki zilififia katika miaka iliyofuata, na Sunburst haikutoa santuri kubwa ya pili. Baadaye ukaja UKIMWI, ukavuna wanamuziki wa Zambia bila huruma. Wenzake Jagari wa bendi ya WITCH walikufa karibu wote. Yeye mwenyewe alifanya kazi ya kuchimba vito vya thamani ili apate riziki.

KWA NINI WENGINE WALISALIA

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo twataka msomaji alishike. Kwa nini twamjua Mwenda, na Sunburst hatukuijua? Watu wengi husema: kilicho kizuri hudumu chenyewe. Historia haithibitishi neno hilo. Kilichodumu ni kile ambacho mtu fulani alikinasa, akakiandika jina, akakiweka mahali pakavu.

Tuchukue mfano wa karibu. Kamina, katika Katanga, Padre Guido Haazen, Mfransisko, aliunda kwaya ya watoto na walimu. Mwaka 1958 ilitolewa santuri ya Misa yao, iitwayo Missa Luba. Mwaka 1968 Sanctus yake ilisikika katika sinema moja ya Kiingereza juu ya wanafunzi waasi, ikapendwa na vijana wale wale waliopenda roki. Dunia nzima ikasikia sauti za Katanga. Lakini ulizeni majina ya waimbaji. Jina la padre liko katika kila karatasi. La Joachim Ngoi, aliyeimba sauti ya mbele, hutajwa mara nyingine. Ya wengine hutajwa kwa nadra. Sauti zimesalia, wenye sauti wamepotea. Basi hata kunasa hakutoshi bila kuandika.

Kwa Sunburst kilichosalia kwa miaka 40 kilikuwa santuri chache mikononi mwa watu waliozipenda. Walioanza kuzitafuta kwa bidii walikuwa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, ambao hulipa fedha nyingi kwa santuri moja ya zamani ya Kiafrika. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London ilikusanya nyimbo za 1973 hata 1976, ikazitoa upya pamoja na habari za bendi. Watu wa WITCH nao walipata siku ya pili: Jagari alikwenda kuimba Ulaya akiwa mzee, na mwaka 2023 bendi yake, pamoja na wapigaji wapya, ilitoa santuri nyingine iitwayo Zango.

Je, tuwalaumu wageni kwamba wamechukua mali yetu? Twaonaje kwanza kwamba sisi wenyewe tuliitupa? Mtu akiokota kikapu chako njiani, akakisafisha na kukirudisha sokoni, una haki ya kuuliza fedha zimekwenda wapi. Lakini huna haki ya kusema kwamba hukukiacha njiani. Haki zote mbili zahesabiwa: mwenye kutunza astahili shukrani, na mwenye kutunga astahili ujira na jina lake.

Na tazameni jinsi kitu kilivyopotea. Hakuna aliyeichoma moto kazi ya Sunburst. Katika Dar es Salaam haikuwa ya shirika lolote, basi hapakuwa na karani wa kuandika habari zake. Katika Zambia walikuwa wageni. Mwimbaji alikuwa wa nchi moja, gitaa la nchi nyingine, kiwanda cha santuri cha nchi ya tatu. Kila nchi ilipohesabu watoto wake, iliwaruka hao, kwa kuwa nusu yao walikuwa wa jirani. Mtoto wa watu wote alilala njaa, kwa kuwa kila mama alidhani amekula kwa mwenzake.

YATUPASAYO

Sisi wa mpakani twalijua jambo hilo vema. Kati ya jamaa za Kalemie, ngapi zina ndugu Kigoma? Ngapi zina mtoto Lubumbashi, au Ndola, au katika makambi ya wakimbizi? Habari za watu wa namna hii hazikai katika vitabu vya serikali. Zisipoandikwa na jamaa zao wenyewe, hazitaandikwa.

Leo karibu kila kwaya hunasa nyimbo zake kwa simu. Ni jambo jema, lakini simu huibwa, huanguka majini, na wimbo usio na jina la mtunzi hauna mwenyewe. Kazi yenyewe ni nyepesi. Katika kila kwaya na kila bendi ya mtaa achaguliwe mmoja mwenye hati nzuri. Na anunue daftari moja. Aandike jina la wimbo, aliyetunga maneno, aliyetunga sauti, waliopiga vyombo, na siku ulipoimbwa mara ya kwanza. Kama mtunzi alitoka ng'ambo ya ziwa, na aandike hivyo bila haya. Nakala moja ikae kwa katibu, nyingine katika kabati la parokia. Na kama wimbo utauzwa, watu wapatane mbele ya mashahidi, kabla ya fedha kufika, nani atapata nini.

Tena wazee wasiwe wepesi wa kuhukumu. Kijana akileta gitaa la umeme na mdundo ambao hatuujui, tumsikilize maneno yake kwanza. Yakiwa mabaya, tumwonye kama mwanetu. Lakini tusimwambie, "Huu si wetu," kwa kuangalia waya na chuma tu. Kinanda cha kanisani nacho kilikuja kwa meli, na leo hakuna bibi anayekiona kigeni.

Santuri ya Ave Africa ilitoka mwaka 1976, na wanaoisikiliza leo wengi wao hawajui Kiswahili. Wasikia nguvu ya gitaa na uzuri wa sauti. Habari za enzi za utumwani haziwafikii. Sisi twajua lugha hiyo tangu mgongoni mwa mama zetu. Basi msomaji akipata nafasi ya kuzisikia nyimbo hizo, na asikilize maneno, kisha awaeleze watoto wake. Salamu iliyokawia njiani miaka mingi yaweza kuitikiwa bado.